Mayonezi ya Saumu Yafika Merigi

Dada yangu Akinyi alinipigia simu akiwa na wasiwasi. Mama mkwe wake alikuwa anakuja Jumamosi kuonja mapishi yake. Akiridhika, angempa chumba kinachotazama soko la Merigi afungue hoteli; asiporidhika, Akinyi angeendelea kupika chini ya turubai. Nikaondoka Nakuru, mlafi kama nilivyo, nikisema naenda kusaidia.

Londiani nilishuka kununua viazi. Vya pale ukivichemsha vinapasuka vyenyewe, vyeupe ndani. Baada ya Kericho ilikuwa chai tupu, kilima baada ya kilima, hadi nikaishiwa na maneno ya kusifu.

Jumamosi asubuhi, jikoni Merigi, Akinyi alitwanga saumu kwa chumvi, akatia viini vya mayai na limau, kisha mafuta tone kwa tone huku akikoroga bila kupumzika. Mayonezi ikanenepa, ikang'aa. Niliionja kwa kuku wa kuchoma, kwa kabichi, hata kwa mahindi ya kuchoma. Kote ilikubali.

"Kijiko kimoja kwa sahani," alinionya. "Hiyo ni mafuta na mayai, si uji. Na haitalala hapa, hatuna friji."

Kwa Wakipsigis, kabila la mume wa Akinyi, mgeni wa heshima huletewa mursik, maziwa ya kuganda, katika kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa. Akinyi, mtoto wa ziwani, akadhani heshima iko kwenye kibuyu. Akaitia mayonezi yake humo.

Mchana mama mkwe aliingia, akaona kibuyu, akajimiminia kikombe. Kabla hatujasema neno alikuwa ameshapiga funda kubwa.

Nilimwonea dada yangu huruma.

"Mke wa mwanangu Kiprono," mama mkwe alisema akipangusa machozi, "hii ng'ombe yako inakula nini?"

"Pole, Mama! Si maziwa. Ni ya kuchovya viazi."

"Si ulete hiyo viazi, mbona unaniangalia tu?"

Akachovya kimoja. Akachovya cha pili. Kisha akaivuta sufuria nzima ya viazi upande wake. Nami nikachovya: harufu ya moshi wa kibuyu ilikuwa imeingia ndani, tamu ajabu.

"Kibuyu ni ya maziwa," akasema mwishowe. "Hii weka kwa bakuli. Watu wa soko watakula."

Jumatatu nilirudi Nakuru nikiwa nimejifunza kwamba mayonezi haihitaji meza ya kitajiri. Kiazi cha Londiani kinaitosha. Nikielekea stendi nilipita mbele ya kile chumba. Kufuli lilikuwa limetolewa, na ndani mama mkwe mwenyewe, leso kiunoni, alikuwa anafagia.