Mafuta ya Mutaa

Jana binti yangu alichemsha majani ya mutaa, ule mmea wa dawa ya kifua, atoe mafuta, na ile harufu kali ikanipandisha hasira mpaka nikatoka nje.

Mama yangu alikuwa anatengeneza hivyo hivyo. Anaweka bakuli katikati ya sufuria ya majani, anafunika na kifuniko kimegeuzwa, anamwaga maji baridi juu yake. Mvuke unadondoka kwa bakuli, mafuta inaelea. Ilikuwa ya kupaka dada yangu mdogo kifua, maana kupumua ilikuwa shida.

Lakini chang'aa pia hupikwa hivyo. Kina mama wa kanisa wakaona, wakaingia.

"Mama, hata wewe?" kiongozi wao akauliza.

"Nusa kwanza, dada."

"Ninuse pombe? Mimi nimeokoka!"

Akapiga sufuria teke. Yote ikaingia kwa mchanga, na mtoto anakohoa hapo ndani wakimsikia.

Jumapili wakamwita Mama mbele atubu. "Sijapika pombe," akasema, akarudi kukaa.

Nimesamehe watu mambo makubwa. Huyo mama aliyepiga sufuria teke, nikifika kwa jina lake kwa maombi, naliruka.