Bushi za Pikapu ya Baba

Mwaka 1986, wakati wa mvua ndefu, nilikuwa na umri wa miaka minane. Juzi hapa Ogembo nilimwona fundi akimwomba abiria arukeruke nyuma ya gari ili asikilize springi, nami nikainamisha uso kana kwamba mambo yale yalitokea jana.

Pikapu ya baba ililia kwi-kwi kila ilipobeba mzigo. Siku hiyo tulikuwa tukimrudisha nyanya, mama mzaa mama, kwake Nyamache. Aliketi nyuma, penye harufu ya ndizi mbivu, mbali na mkwewe. Tulisimama njiani kwa fundi, mgeni asiyejua mila zetu, naye akajilaza matopeni chini ya gari.

"Mzee, njoo usikie mwenyewe! Nyanya, tikisa kidogo!"

Baba, kwa hamu ya kuikomesha kelele ile, akaingia chini. Nyanya hakumwona, akatikisa kwa nguvu.

"Kumbe ni bushi, hizi raba za springi!" baba akapaza sauti.

Nyanya alipoisikia sauti hiyo chini yake, alijifunika uso kwa leso, akashuka.

"Sikanyagi tena kwa binti yangu."

Nilidhani ameonea haya unene wake. Nikamkimbilia: "Nyanya, wewe si mzito!" Sikujua kwamba kwetu mkwe haketi hata karibu na mama mkwe, sembuse kulala chini yake.

Bushi zilibadilishwa, pikapu ikanyamaza. Mama alilia hadi Jumapili, tarehe 25 Mei, wazee walipoketi, baba akatoa mbuzi na shuka za kufuta aibu ile, na nyanya akakubali kula tena ugali wa wimbi jikoni mwa mama.