Ile Tok ya Ampli ya Badibanga

Mwaka ule wa kufukuzana, watu wa asili ya Kasai waliotolewa Katanga walipokuwa wakilala kwenye gare ya Kolwezi juu ya magodoro yao, wakingoja treni isiyokuja, Badibanga alikuwa nyumbani kwake Manika akitengeneza ampli ya gitaa. Si kwamba hakuwa na habari. Alizaliwa papo hapo Kolwezi, Kasai hakuijua hata kwa harufu, lakini babake alitoka huko, na mwaka ule hilo lilitosha mtu kufukuzwa.

Kilichomlinda ni ile ampli. Aliiunda mwenyewe kwa lampe za vioo za redio za zamani, na aliyeitumia ni Kalumba, mpiga gitaa wa mtaa. Ilikuwa na sauti moja, laini, ya bibi harusi akiingia. Kalumba akataka ya pili, nene na yenye makali, ya pale watu wanapoanza kutokwa jasho. Akanyage swichi tu, sauti igeuke. Badibanga akaiongezea njia ya pili, akaitilia lampe ya pentode, yenye nguvu kuliko zile nyingine.

Sasa, kaka yake Kalumba, Ngoy, ndiye aliyeongoza vijana waliopita nyumba kwa nyumba wakiwatoa watu wa Kasai. Walipofika kwa Badibanga, Kalumba alisimama mlangoni.

— Hapa hapana, yaya, akamwambia kakake. Kazi yangu haiyaisha.

Ngoy naye alipenda dansi. Akafikiri kidogo.

— Ikiisha, utaniambia.

Wakaenda nyumba ya pili, kwa mjane Tshiela, ambaye hakuwa na ampli.

Basi kazi ikakataa kuisha. Njia ya pili ililia vizuri, ila kila swichi ilipokanyagwa, spika ilitoa “tok!” kama mtu aliyegonga meza. Dawa yake Badibanga aliijua tangu mwanzo: rezistansi moja ndogo, ya kumwaga umeme unaobaki kwenye kondensa. Angeilehemu kabla chai haijapoa. Hakuilehemu. Kalumba akija kujaribu, yeye hukuna kichwa na kusema lampe hii ina roho ngumu. Jikoni, Mbelu mkewe, mwenye mimba ya kukaribia, alitega sikio. Akisikia tok, hushusha pumzi na kuendelea kusonga bukari, ugali wa mahindi. Alitaka jambo moja tu: azae kwanza, chini ya paa lake.

Jumamosi moja Kalumba akaja na uso wa aibu.

— Tata Badibanga, usikasirike. Niliongea na Henri. Anasema hii kazi ilikushinda. Anasema yeye ataimaliza.

Henri alitengeneza redio sokoni, na alivyolehemu ovyo ungedhani anapaka mkate siagi. Mtu mwenye akili angecheka, angesema Henri na ajaribu, akajipatia siku nyingine. Badibanga alikuwa na akili, lakini kwanza alikuwa fundi. Hasira ikampanda mpaka masikioni.

— Ilinishinda? Mimi?

Akachomeka chuma cha kulehemu. Mbelu akatokea mlangoni, mwiko mkononi.

— Tata, muachie Henri ajaribu.

— Henri? Mu ampli yangu?

Haikuchukua muda. Kalumba akapiga, akakanyaga swichi, na sauti ikageuka kutoka laini hadi nene, safi, bila tok. Majirani wakajaa uani, wakacheza. Badibanga alifurahi; tusimsingizie, alifurahi kwa moyo wote, meno nje. Kalumba akakanyaga tena, akasikiliza, halafu akaacha kupiga.

— Tata, akauliza polepole, juu ya nini uliitengeneza? Si ungeiacha tu?

Badibanga akachomoa chuma cha kulehemu. Ngoy, aliyekuja kwa mlio wa gitaa na kucheza na wenzake, alikuwa anapiga makofi.

— Njo vile! Sasa kazi imeisha.

Mbelu alikwisha kurudi jikoni. Alikuwa anafunga bukari ya moto kwenye kitambaa, ya kula njiani.