Wenye Kisima Ambao Hawajazaliwa

Mimi ni mwalimu mstaafu, na sisi wastaafu tuna ugonjwa mmoja: tukikosa darasa tunalitafuta. Langu nililipata Ukunda, kwenye ukumbi mdogo nyuma ya duka la vitambaa, ambapo Jumamosi moja ya kila mwezi tunakutana kujadili maswali ambayo watu wengi wameyaachia vyuo vikuu. Je, sheria mbaya ni lazima itiiwe? Je, asiye na kitu anaweza kuwa mchoyo? Wavuvi wa Mwabungo wanakuja, wahudumu wa hoteli waliotoka bara wanakuja, ustadhi wa madrasa na mchungaji wa kanisa la jirani wanakaa benchi moja, na wote huniita mwalimu hata wanaponipinga. Kaka yangu husema nimefungua kijiwe cha wasio na kazi. Nami humjibu kwamba yeye ndiye mteja wangu mkubwa, maana hakosi hata siku moja.

Jumamosi ninayoikumbuka zaidi, swali nililichagua mimi: tuna wajibu gani kwa watu ambao hawajazaliwa? Nililichagua kwa hila, wala sioni haya kusema. Hoteli moja ya upande wa Galu ilikuwa inataka kukodi shamba letu la Mwabungo, lile tulilorithi kwa baba, lenye minazi na kisima. Minazi hawakuwa na haja nayo. Walitaka maji. Visima vya karibu na bahari vilikuwa vimeanza kuingia chumvi kwa kupigwa pampu mchana kutwa, na chetu bado kilikuwa na maji matamu ambayo mtaa mzima huyanywa. Mkataba wenyewe ulikuwa wa miaka tisini na tisa. Kaka alikuwa ameshaelekea kukubali, kwa kuwa amechoka kupiga makasia na alitaka mashua yenye injini. Nami nilitaka alisikie swali lile kwenye midomo ya watu wengine, kwa sababu nikimwambia mimi, yeye husikia sauti ya dada mdogo tu.

Nilijiandaa kweli kweli. Nilisema aliye mbali kwa wakati hana tofauti na aliye mbali kwa mwendo: ukiacha chupa iliyovunjika mchangani, mguu utakaokatwa ni mguu, uwe wa kesho au wa karne ijayo. Nilisema wale ambao hawajazaliwa hawapigi kura wala hawaendi mahakamani, kwa hiyo kila mara wanashindwa kesi wasiyojua kama ilikuwapo. Watu waliitikia kwa vichwa, na mimi nikaanza kujiona. Ndipo mama mmoja, mhudumu wa hoteli aliyetoka bara, akainua mkono.

"Mwalimu, mimi niko na watoto wawili, wako ushago, kule kijijini kwa mamangu," akasema. "Hao ndio najua. Nikitoka kazi, ni hao nawaza. Sasa huyu mtu wa miaka mia ijayo, hana jina, hana sura, nitamuwaza aje? Nisikudanganye, mimi siwezi."

Ukumbi mzima ulicheka, na kaka ndiye aliyecheka kuliko wote. Nilimjibu yule mama kwa maneno mengi, na nilipokuwa nikiyasema nilijua hayafiki. Hoja zangu zilikuwa sahihi, na mpaka leo ni sahihi, sijabadilisha hata moja. Lakini mama yule alikuwa amesema kweli yake, kwamba moyo wa mtu haushikamani na hoja, unashikamana na mtu. Nilirudi nyumbani nimenuna, na chai nikainywa bila kuisikia ladha.

Haukupita muda mrefu, wakili akaletwa nyumbani kwa kaka, Mwabungo, ili mambo yakamilishwe. Alikuwa mtu wa bara aliyekaa Ukunda miaka mingi, mpole, mwenye kuvua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alifuatana na mwakilishi wa hoteli, kijana wa suti aliyekuwa akijifuta jasho muda wote. Upande wetu tulikuwa watatu: kaka, mimi, na shangazi yetu, ndugu pekee wa baba aliyebaki hai. Watoto wetu walikuwa makazini na walisema tutakalokubaliana wamelikubali. Shangazi alikaa mkekani na sahani ya mahamri mbele yake, akiilinda.

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo kwetu halielezwi. Sisi Wadigo jina la mtoto hatulitafuti. Mwana wa kiume wa kwanza anachukua jina la babu mzaa baba, binti wa kwanza anachukua la bibi mzaa baba, kisha zamu inaenda upande wa mama, na wanaofuata huchukua majina ya wajomba na mashangazi. Kaka ana jina la babu yetu, na mwana wa kwanza wa mwanawe atakuwa na jina la kaka. Kwa hiyo ukiwa na mtoto wa kiume, hata akiwa bado yumo mbelekoni, unajua tayari ni nani atakayekuja nyumbani kwake. Mimi mwenyewe nina kijana hajaoa, anafanya kazi hotelini, na kila akija kunitazama humuuliza atanizaa lini, maana nimechoka kungoja. Yeye hukimbilia jikoni.

Wakili alifungua mkoba wake. "Shikamoo, bibi," akamwambia shangazi.

"Marahaba, mwanangu. Karibu chai."

"Asante. Wewe ndiye mkubwa hapa, kwa hivyo nitauliza wewe. Wenye hii shamba ni nani na nani? Nataka kujua kila mtu mwenye haki hapa, ndiyo kesho kusiwe na maneno."

Shangazi alifurahi kuulizwa. Akaanza kwa kaka, akaja kwangu, akaingia kwa watoto wa kaka, akaja kwa wangu, na kila jina alilikunjia kidole. Wakili alikuwa akiandika. Vidole vikaisha, akaanza upya, na wakili akazidi kuandika, mpaka mahali fulani akasita.

"Bibi, huyu nimeshamwandika."

"Hujamwandika. Uliyemwandika ni huyu aliyekaa hapa," shangazi akasema, akimwonyesha kaka kwa andazi. "Ninayekwambia sasa ni mjukuu wake."

"Oh. Na yuko wapi? Kwa sababu kama ni mtu mzima, itabidi akuje na kitambulisho."

"Hajazaliwa."

Wakili akainua kalamu. "Mama yake ana mimba?"

"Mamake hatujamposa bado. Baba mtu anachagua mno, na mimi nimeshamwambia."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Wakili naye alicheka, akaweka kalamu chini, na hapo ikajulikana kwamba nusu ya watu aliowaandika walikuwa bado hawajafika duniani. Shangazi hakuona kosa liko wapi. Ameulizwa wenye shamba, naye amewataja wenye shamba. Kwake yeye wale ni watu wa nyumbani waliochelewa tu, na mtu akichelewa huwekewa chakula chake.

"Bibi, sheria haiwajui hawa," wakili akasema kwa upole, kisha akamgeukia kaka. "Mzee, wewe ndiye msemaji wa familia. Nitawasoma mmoja mmoja, na wewe useme hana haki hapa, nimtoe. Ni jambo la dakika kidogo tu."

Kaka akajiweka sawa kitini. La kwanza kusomwa lilikuwa jina la shangazi, la kitukuu wa nyumba yetu ambaye siku moja atalibeba. Kaka akamtazama shangazi kwa jicho la pembeni. "Nitoe, baba, nitoe," shangazi akasema, akitafuna. "Maji ya kunywa nitaomba kwa jirani." Kaka akacheka kwa shida, akasema hana haki. Likafuata jina langu. Nilimkazia macho nikanyamaza, na kwa mtu anayenijua, kunyamaza kwangu ni kelele. Akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ndogo kwamba huyo naye hana.

Kisha wakili akasoma jina la kaka mwenyewe, akalifuatisha na jina la mwanawe.

Kaka alifungua mdomo. Aliufunga, akauliza arudiwe jina, kana kwamba hakulisikia, na wakili akarudia. Jina lile amelibeba maisha yake yote. Ndilo mama aliloliita kutoka jikoni chakula kilipokuwa tayari, ndilo wavuvi wenzake wanaloliita wakitaka kamba itupwe. Na babu yetu, aliyekichimba kile kisima kwa mikono, aliitwa vivyo hivyo. Sasa alitakiwa aseme mbele ya wageni kwamba mtu wa jina hilo hana haki ya maji ya Mwabungo. Nilimwona jasho likimtoka kuliko kijana wa suti, na nilimhurumia kwa moyo wangu wote, nami ndiye niliyekuwa nikitaka ashindwe.

Nilimkumbuka yule mama wa ukumbini. Hana jina, hana sura, alisema. Sura kweli hana. Lakini jina analo, nimelisikia tangu utotoni, na hasira na mapenzi yangu yote kwa kaka yamo ndani yake. Nikaona pale kwamba watu wetu wa kale walilifikiri swali langu vizuri kuliko nilivyolifikiri mimi, kisha wakalikabidhi kwa kila mzazi anayemwita mtoto wake kwa jina.

"Bwana wakili," kaka akasema, "mkataba huu ukiisha mimi nitakuwa wapi?"

"Mzee, tuseme ukweli. Kati yetu hapa hakuna atakayekuwepo."

"Na maji yakiingia chumvi, atakayeyaonja ni huyu uliyemsoma?"

"Pengine yeye, pengine mtoto wake."

"Atamuuliza nani?"

Mwakilishi wa hoteli akasema kampuni ina wataalamu wa maji na hakuna haja ya wasiwasi. Kaka alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, ndivyo alivyo.

"Huyu simtoi," akasema. "Wala dada yangu simtoi, wala shangazi, warudishe. Kama mnalitaka shamba, andikeni muda ambao mwisho wake nitauona mimi kwa macho yangu. Mwenye jina langu akija na ndoo akakuta maji mabaya, anikute na mimi hapa, anishike mimi."

Kijana wa suti akasema kwa muda mfupi namna hiyo hoteli haiwezi kujenga hata nyumba ya pampu. Kaka akasema amefahamu, akawaomba wamalize chai yao, na shangazi, ambaye hana desturi hiyo, akawasogezea sahani ya mahamri. Tuliwasindikiza hadi barabarani, wakili akatupa mkono sote, wakaondoka.

Tulirudi tukipita kando ya minazi, mimi na kaka. Alikuwa akitembea polepole, bega lake la kulia limeshuka, lile analolalamikia kila arudipo baharini. Nilikuwa nimeshinda, na nilijua nimeshinda, lakini sikutaka kumcheka. Nilimuuliza kama kuikosa ile mashua kumemuuma.

"Sana," akasema. "Lakini mwenye jina langu angekuja na ndoo, ningemwambia nini?"