Tofali Linalolia

Huyu ndiye Mama Jivu: mjukuu wa bibi aliyepiga lipu kwa viganja vyake, binti wa mchoma chokaa aliyepoteza jicho tanuruni, mjane wa Fundi Kimya, yule aliyeanza kufyatua matofali ya chokaa na majivu ya kiwandani, watu wakimcheka.

Matofali hayo hayana haraka, hukomaa polepole. Wateja walimchosha Fundi Kimya, akatia magadi ili yawahi kushika. Lakini hakuyayeyusha, aliyanyunyiza makavu, yakafanya madonge. Matofali yakawa magumu ganda tu, kiini unga mtupu. Alipoyagonga kuyapima, yalilia vizuri, ng'aa! Akafurahi, akajengea ghala lao. Ukuta ukamwangukia.

Tangu hapo, mchana kweupe, Mama Jivu husikia mtu akigonga tofali uani. Akitoka, hakuna mtu. Magadi akayapiga marufuku, hata ya jikoni.

Asubuhi moja akamkuta binti yake, kitindamimba, akikoroga ndoo.

"Nini hicho?"

"Magadi, mama."

"Mwanangu! Unataka kumfuata baba yako?"

"Wateja wanatukimbia. Wakingoja tofali letu likomae, si watazeekea kwenye nyumba za kupanga? Ukikataa na hili, mimi naenda kutafuta kazi kwingine. Ubaki na mzimu wako, mfyatue wawili."

Binti akafunua gunia. Chini yake palikuwa na matofali aliyoyafyatua kwa siri. Akachukua moja, akainua kijiti kuligonga.

"Usiligonge!" Mama Jivu aliziba masikio. "Mlio huo ndio uliomdanganya baba yako. Nipe nyundo."

Akalipasua. Akapiga magoti, akachokonoa kiini kwa msumari, akitegemea unga umwagike. Msumari ukateleza. Akachokonoa tena, machozi yakimlenga.

"Uliyeyusha?"

"Kwenye maji, mama. Nikachuja kwa kitambaa, ndipo nikachanganya."

Mama Jivu akamwekea nyundo mkononi.

"Ilikuwa ya baba yako. Kila mkupuo utakaofyatua, chagua tofali moja, lipasue, utazame ndani kabla hujauza. Hata mteja akikusimamia kichwani."

"Nitafanya, mama."

Nyuma yao, uani, kitu kikagonga. Ng'aa. Binti akageuka, palikuwa patupu.

"Mama... umesikia?"

"Kila siku nasikia. Wewe pasua."