Siku Niliyosema Ngano Bado Mbichi

Kazi yangu katika shamba la ngano la serikali ilikuwa kung'ata. Watu wa siku hizi wakinisikia hucheka, nami huwaacha wamalize kucheka kwanza. Shamba lilikuwa na mashine ya kupimia unyevu wa punje, lakini iliharibika ikapelekwa Arusha kutengenezwa, na huko ikakaa, kama vitu vingi vya miaka ile vilivyopelekwa Arusha. Msimamizi wa mavuno, mzee mpole ambaye meno yake karibu yote yalikuwa yameshamuaga, akanitoa ghalani nilikokuwa nashona magunia. Kila asubuhi niliingia ndani ya ngano, nikavunja masuke machache huku na kule, nikayafikicha viganjani, nikapuliza makapi, nikaweka punje kwenye magego. Ikipasuka kwa mlio, imekauka, kombaini za kuvunia ziingie. Ikibonyea, bado mbichi, wote wasubiri. Neno langu lilitosha, na sitaficha kwamba nililipenda neno hilo.

Msimu wa mavuno ulikuwa wa baridi. Ukungu ulishuka kutoka mlimani usiku, ukalala juu ya mashamba, na asubuhi ulikuwa hujui ngano inaishia wapi na mawingu yanaanzia wapi. Nilitembea humo sketi ikiwa imelowa mpaka magotini, nikisikia watu wakiongea bila kuwaona. Mara nyingine nilisahau nimefuata nini. Nilisimama tu, mdomo umejaa ngano, mpaka mtu aite.

Mume wangu alikuwa dereva wa kombaini na kipa wa timu ya shamba. Mwaka ninaousema timu yetu iliongoza ligi ya wilaya tangu mwanzo, na watu wa kambini tulitembea Katesh siku za mnada vifua mbele. Kisha mavuno yakaanza, tukafungwa mechi nne mfululizo. Sababu ilikuwa wazi kwa kila mtu. Kombaini zilianza kazi umande ukikauka, zikaendelea hadi umande urudi usiku, na siku ya mechi madereva na mafundi walishuka kwenye mashine saa tisa, wakavaa jezi juu ya vumbi, wakakimbilia uwanjani masikio yakiwa bado yanavuma. Tulisema ni mavuno. Mimi nilisema kwa sauti kuliko wote.

Mechi ya tatu kati ya hizo, tuliyocheza na Gitting, nilimwona mume wangu ameegemea mlingoti wa goli, amefumba macho. Mpira ukapita pembeni yake polepole, kwa adabu, kana kwamba haukutaka kumwamsha. Baadaye aliniambia alikuwa anaota bado anavuna, mstari wa ngano mbele yake hauishi, na katika ndoto ile alikuwa na furaha sana. Kambi nzima ilimtania wiki nzima. Mimi pia nilimtania, lakini nilimwonea huruma.

Ikabaki mechi moja, dhidi ya timu ya Katesh, kwenye uwanja wetu. Pamoja na kufungwa kote kule, tukishinda tungemaliza wa pili na kwenda Arusha kucheza nane bora ya mkoa. Mume wangu alikuwa na miaka thelathini na minane. Jioni moja, akivua mabuti, aliniambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Magoli yetu yalikuwa milingoti mitatu ya mkaratusi. Ukifungwa, mpira uliendelea na safari yake mpaka kwenye mabua, watoto wakaufuata. Na viwanja vyote alivyochezea maishani vilikuwa hivyohivyo.

"Nikisimama mara moja tu kwenye goli lenye nyavu," alisema, "basi, nitawaachia vijana."

Hakuniomba kitu. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu lililofuata ni langu peke yangu.

Siku ya mechi ukungu ulikuwa mzito, lakini upepo ulikuwa umevuma usiku kucha, na saa nne niling'ata punje ya kwanza ikapasuka kama mfupa mdogo wa kuku. Nikang'ata nyingine kutoka mbali zaidi. Ikapasuka. Msimamizi alikuwa amesimama barabarani na koti lake refu, akisubiri. Nilitembea kuelekea kwake nikihesabu hatua, na nilipofika nilimwamkia tena, ingawa nilikuwa nimeshamwamkia alfajiri.

"Bado mbichi," nikamwambia.

Alichukua suke akalifikicha, akaziangalia punje kwa muda. Kisha akasema mwenye meno ni mimi, akaenda zake kunywa chai.

Saa sita nilisema vilevile. Saa nane nikasema vilevile. Sijawahi kuona shamba lile jinsi nilivyoliona siku hiyo. Kombaini zimepangwa mstari mmoja, kimya, na chini yake wanaume wamelala juu ya magunia, kofia usoni, mmoja amemlaza mwenzake begani. Jua lilikuwa limefifia nyuma ya ukungu, halina ukali. Ngano iliinama, ikainuka. Nilipita katikati ya waliolala nikinyanyua miguu kama mtu anayepita chumba cha wagonjwa, nikamkuta mume wangu amekunjamana kando ya gurudumu, anapumua taratibu. Nilikaa karibu naye. Niliogopa, ndiyo, kwa sababu upepo ulikuwa unapukutisha punje zilizokomaa, nami nilizisikia zikidondoka. Lakini nilikuwa na furaha kuliko hofu. Nilijiona nimeshafika Arusha, nimekaa jukwaani na kitenge kipya, namtazama amesimama mbele ya nyavu nyeupe. Nadhani na mimi nilisinzia.

Saa kumi uwanja ulijaa. Watu wa Nangwa na Mogitu walikuja kwa miguu, wa Katesh walikuja kwenye trela la trekta wakiimba. Wachezaji wetu waliingia wamenawa uso, jezi safi, wakirukaruka. Mzee mmoja nyuma yangu alisema hii sasa ndiyo timu yetu.

Kwa nusu saa ilikuwa kweli. Kisha nikaanza kuona jambo ambalo nilikataa kuliona. Vijana wa Katesh walikuwa na mbio. Washambuliaji wetu walikimbia vizuri, walikimbia kwa nguvu zao zote, na bado walifika wakati mpira umeshaondoka. Hakuna aliyekuwa anaburuta miguu. Walikuwa wanachelewa tu.

Kipindi cha pili, kijana mmoja wa Katesh, mwalimu, mwembamba, alipiga mpira kutoka mbali. Haukuwa mkali. Mume wangu aliuona mapema, nilimwona anauona, akapiga hatua mbili sawasawa kama alivyofanya miaka yote, akajirusha. Mpira ukapita mbele ya vidole vyake. Uliendelea kubingirika mpaka kwenye mabua, na kwa muda mrefu hakuna mtoto aliyeufuata.

Ikaisha hivyo, moja bila. Watu wetu walisimama wakitafuta la kusema. Kila mmoja alifungua mdomo, akakumbuka kwamba siku ile mashine hazikuwashwa, akaufunga. Msimamizi alinipita akaniaga kwa upole wake uleule, na kesho yake asubuhi alisubiri nimwambie, akaniamini. Sijui alijua nini. Sikuwahi kumuuliza, na yeye hakuwahi kusema.

Nyumbani nilimwandalia mume wangu ugali na maziwa ya mgando. Alikula vizuri, bila haraka. Nilishindwa kunyamaza, mimi huwa nashindwa. Nikaanza kumwambia kwamba usingizi wa mchana mmoja hauwezi kuondoa uchovu wa mwezi mzima, kwamba mavuno ya mwaka huu yamewamaliza, kwamba kila mtu anajua.

Aliweka tonge chini.

"Mama watoto," alisema, "leo nililala nikashiba. Leo sikuwa nimechoka."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesoma barua iliyomfikia. Nami nikaelewa nilichomfanyia. Kama ningeacha kombaini ziingie asubuhi ile, angefungwa vilevile, lakini angebaki na mavuno ya kuyalaumu mpaka uzeeni. Nilitaka kumwambia ukweli nikaona ukweli wangu ungemwongezea tu aibu. Sijamwambia mpaka leo, na yeye hayupo tena wa kuambiwa.

Aliomba maji ya kunawa. Nikammiminia. Mikono yake ilikuwa safi, haina grisi hata kidogo.