Kamba Haijui Hakimu

Mzee Hatamu hakuvunjwa nyonga na farasi. Hilo tuliweke wazi mapema, maana majirani walishatunga yao. Miaka ishirini na sita aliongoza misafara ya wageni waliokuja kupanda farasi ufukweni. Farasi walimrusha, walimuuma, walimkanyaga vidole, na kila mara aliinuka akajipangusa akaendelea na kazi. Aliyemweza ni kigae cha bafuni chenye povu la sabuni! Akalazwa, akawekwa vyuma, kisha akakaa nyumbani miezi kumi na minne akigombana na redio.

Siku hizi zizi lile liko mikononi mwa mwanafunzi wake, mwanamke aliyemfundisha tangu hajui tandiko lina mbele na nyuma. Yeye ndiye aliyempigia simu. "Mwalimu, njoo Jumamosi upande na wageni. Ukienda na kurudi vizuri, Jumatatu unarudi kazini."

Mkewe alimpigia suruali pasi huku analalamika. "Farasi, farasi! Ungelioa hilo zizi tukajua moja. Na ukirudi umevunjika tena, usiniite."

"Nitakuita wewe, nimwite nani mwingine?"

"Nenda zako huko," akasema, lakini alishamfunikia chakula cha kula akirudi.

Sasa, pale zizini kuna sheria ya kamba, na aliyeitunga ni Mzee Hatamu mwenyewe. Asiyeweza kujipandisha juu ya farasi kutoka ardhini, farasi wake hufungwa kamba na kuvutwa na kiongozi mpaka mwisho wa safari. Mguu usiokuinua, alikuwa akisema, hautakusaidia farasi akiamua lake. Siku moja alimfunga hakimu mzima, mbele ya wakwe zake. Hakimu akafoka mpaka mishipa ikamtoka. Mzee akamjibu, "Mheshimiwa, kamba haijui hakimu." Maneno hayo yakawa methali ya zizi, na wafanyakazi waliyatumia hata kwa mambo yasiyohusu farasi.

Jumamosi asubuhi wageni walikuwa sita. Mzee alipewa farasi jike wa kijivu, rafiki yake wa zamani. Akaweka mguu wa kushoto kwenye kikuku, akashika tandiko, akajivuta. Mguu wa kulia ukagoma. Akajaribu tena. Mara ya tatu jasho lilimtoka, na wageni ghafla wakawa na shughuli nyingi na kofia zao.

Yule mwanafunzi wake akaleta ngazi fupi ya mbao, Mzee akapandia hapo. Kamba alikuwa nayo mkononi. Alimwangalia mwalimu wake, kisha akairudisha kwenye msumari. Mzee aliona kila kitu. Kinywa chake, kilichomjibu hata hakimu, siku hiyo kilijaa maji.

Na jamani, alifurahi! Maji yalikuwa yamekupwa, mchanga umelowa na kushikana vizuri, upepo unampiga usoni. Kijivu alitembea kama aliyekuwa anamngoja miezi yote ile. Mzee akaanza kuwaelekeza wageni bila kuombwa: shusha visigino, usimvute mdomo, angalia mbele. Moyoni alishafika Jumatatu.

Shida ilikuja walipogeuza. Farasi akigeuzwa kuelekea zizini hupata haraka, maana anajua lishe iko wapi. Mzee aliwahi kuwaambia wageni jambo hilo mara elfu. Kijivu akaongeza mwendo, kisha akatoka mbio. Mzee akavuta hatamu na kubana miguu. Wa kushoto ukabana. Wa kulia ukaning'inia tu, kama wa mtu mwingine. Akayumba upande, hatamu zikayumba naye, na Kijivu akakata mbele ya mgeni mmoja, muuguzi aliyekuwa anapanda kwa mara ya kwanza maishani. Farasi wa muuguzi akashtuka, akaruka pembeni, na yule mama akaenda chini kwa bega.

Aliinuka mwenyewe, mchanga mdomoni, mkono ameushikilia. Halafu akasema, "Samahani sana, baba. Nilikuziba njia."

Afadhali angemtukana. Mzee alihisi aibu inampanda mpaka masikioni.

"Hutokea," mwanafunzi wake akawahi kusema. "Farasi ni farasi."

"Hapana," Mzee akasema. "Dada, hukuniziba njia. Ni mimi. Nilijua siwezi kumshika, nikanyamaza." Akamgeukia mwanafunzi wake. "Nifunge."

"Mwalimu, tumeshakaribia..."

"Nifunge, nimesema!"

Kamba ya akiba ilikuwa kwenye tandiko la mwanafunzi wake. Alimfunga huku analia waziwazi, na Mzee Hatamu akavutwa mbele ya wageni wote hadi zizini, mikono mapajani.

Muuguzi alipokwisha kufungwa bega na kuondoka, yule mwanafunzi akamshika Mzee mkono. "Jumatatu njoo, mwalimu. Utatangulia, mimi nitakaa nyuma yako nikuangalie."

"Kiongozi wa kuangaliwa ni mgeni, mwanangu."

"Sikukufunga kwa sababu nakuheshimu."

"Najua. Na ile kazi naitaka mno, Mungu anajua. Ndiyo maana nasema usinipe."

Alienda kwa Kijivu, akamvua tandiko mwenyewe, akamfuta jasho mgongoni taratibu, mpaka pakauka kabisa na hapakuwa na kingine cha kufuta.

Nyumbani mkewe alikuwa mlangoni. "Haya, umepata?"

"Amenipa. Nimekataa."

Miaka yote mama huyu aliomba mumewe aachane na farasi. Mzee alitegemea angalau yeye afurahi.

"Umefanya vizuri," mkewe akasema, akaingia jikoni. Bomba likafunguliwa. Maji yakatiririka muda mrefu, na hakuna sahani hata moja iliyogongana. Mzee akaelewa. Akakaa kwenye kiti, naye akalia, kwa sauti, mtu mzima wa miaka sitini na moja.

Bomba likafungwa. Mkewe akaja na mikono iliyolowa, akakaa kando yake. Hakumwambia anyamaze.